Pesa za Chuo Kikuu: Zinazoingia Kilifi na Zinazobaki

Hotuba ya afisa wa mipango ya uchumi kwa wafanyabiashara, wenye nyumba za kupangisha na wanafunzi, mjini Kilifi

Nimeombwa nizungumze juu ya jambo ambalo kila mtu mjini ana jibu lake tayari: Chuo Kikuu cha Pwani kinaifaidi kaunti hii kiasi gani, na faida hiyo inapimwaje?

Nikimwuliza mwenye vyumba vya kupangisha karibu na lango la chuo, ataniambia chuo ndicho kila kitu. Nikimwuliza mkulima wa Magarini, huenda akanijibu kwamba hajaona hata senti yake moja. Wote wawili wanasema kweli. Kazi ya kipimo ni kutueleza ni kwa nini wote wawili wanasema kweli, na nani mwingine yuko katikati yao.

Swali hili si la wasomi peke yao. Kila tunapokaa kuchukua maoni ya wananchi kuhusu bajeti, hoja ya chuo hutajwa. Mmoja husema barabara ya kwao iwekwe lami kwa sababu chuo kinaleta mamilioni. Mwingine anatoka Ganze na husema: mji umepata chuo, basi sisi tupeni maji. Mpango Jumuishi wa Maendeleo wa kaunti ni wa miaka mitano, na shilingi ikiandikwa mahali pamoja haiwezi kuandikwa pengine. Tukitumia hesabu iliyotiwa chumvi, kuna kijiji kitakachokosa bomba la maji kwa sababu ya hesabu hiyo. Vilevile kuna watu hapa waliochukua mkopo benki kujenga hosteli, wakiamini kwamba wanafunzi wataongezeka kila mwaka. Nao pia wanahitaji hesabu ya kweli, tena kuliko mtu mwingine yeyote.

Wenyeji wa mji huu wanajua maana ya kumtegemea mwajiri mmoja. Wakubwa kati yetu wanakikumbuka kiwanda cha korosho, na mtaa wa Kiwandani bado unabeba jina. Kiwanda kilipoanguka miaka ya 1990, hasara haikuishia kwa wafanyakazi waliokosa mshahara. Mkulima aliyekuwa akileta korosho zake alikosa mnunuzi wa karibu, mwenye duka alikosa wateja wa mwisho wa mwezi, na mikorosho mingine ikakatwa ikawa makaa. Hapo zamani hakuna aliyekaa akaandika kwamba kiwanda kina thamani ya shilingi kadhaa kwa mji. Thamani yake ilionekana kilipofungwa. Nawaomba tulishike hilo, kwa sababu ndilo kiini cha hesabu yote nitakayoieleza.

Chuo chetu chenyewe kilianza kama taasisi ya kilimo. Mwaka 2007 kikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Kenyatta, na mwaka 2013 kikapata hati ya kuwa chuo kikuu kamili, mwaka ambao vyuo vingine vingi nchini vilipata hati. Kwa hiyo wengi wetu tuliuona mji kabla ya wanafunzi na tukauona baada yao. Hilo linatufanya tuamini kwamba tunajua faida. Lakini mji umebadilika kwa sababu nyingine pia katika miaka hiyo hiyo. Ugatuzi ulikuja mwaka 2013, makao makuu ya kaunti yakawa hapa, na ofisi zikaja na wafanyakazi wake. Nyumba iliyojengwa Kibaoni mwaka 2015 ilijengewa mwanafunzi, au ilijengewa karani wa kaunti? Mara nyingi mwenyewe alimlenga yeyote atakayelipa.

Namna ya kupima jambo hili ina historia. Mwaka 1971 Wamarekani wawili, John Caffrey na Herbert Isaacs, waliandika mwongozo wa kuvisaidia vyuo vya kwao kukadiria mchango wao katika uchumi wa mahali vilipo. Wazo lao lilikuwa rahisi na la busara: hesabu mishahara, hesabu manunuzi ya chuo, hesabu matumizi ya wanafunzi na wageni, kisha fuata pesa hizo zinapozunguka. Tangu hapo vyuo vingi duniani vimechapisha vijitabu vyenye picha nzuri na takwimu kubwa. Mwaka 2007 wachumi John Siegfried, Allen Sanderson na Peter McHenry walizipitia tafiti nyingi za aina hiyo, wakaona makosa yale yale yakijirudia, na karibu yote yakielekea upande mmoja, upande wa kuongeza. Sishangai. Anayelipia kijitabu ni chuo, na chuo hutaka fungu kutoka serikalini.

Niwaonyeshe makosa hayo kwa mifano ya hapa nyumbani.

La kwanza ni kuhesabu kila shilingi kana kwamba isingekuwapo bila chuo. Wachukueni wanafunzi watatu. Mmoja ametoka Kitui, amepangiwa hapa na KUCCPS, hakuwa na sababu nyingine ya kuja Kilifi. Kila anachotumia hapa ni pesa mpya kwa kaunti. Wa pili ni wa Malindi, na chuo kisingekuwapo angekwenda Nairobi. Pesa zake si mpya, lakini zimezuiwa zisitoke, kwa hiyo tunazihesabu. Wa tatu ni wa Ganze, na bila chuo angebaki humu humu kwenye kaunti, afanye kazi au asome kwingine hapa hapa. Matumizi yake yangekuwapo kwa vyovyote, ila mahali tofauti. Mzee akiuza mbuzi kwenye soko la Bamba ili alipe chumba cha mwanawe Kibaoni, mji umepata na Bamba imepungukiwa. Kwa kaunti nzima hiyo ni sifuri. Kwa mwenye nyumba ni mapato. Kwa mzee ni mbuzi. Anayeandika kwamba chuo kimeleta kodi hiyo ya nyumba katika Kaunti ya Kilifi amekosea, na amekosea kwa gharama ya watu wasio na kitu.

La pili ni kuhesabu pesa moja mara mbili. Chuo kinamlipa mhadhiri mshahara, tunaandika. Mhadhiri analipa kodi ya nyumba; tunaandika tena. Mwenye nyumba anamlipa fundi. Tunaandika mara ya tatu. Ukijumlisha hivyo, shilingi elfu moja inakuwa elfu tatu kabla haijafika Mnarani. Kuna njia halali ya kufuata mzunguko wa pesa, nitaieleza, lakini huwezi kutumia njia hiyo na papo hapo ukajumlisha kila risiti.

Tena mshahara wa mhadhiri haufiki wote hapa. Kodi ya mshahara hukatwa na kwenda kwa serikali ya kitaifa. Michango ya uzeeni na ya afya hukatwa. Mkopo wa chama cha ushirika hukatwa. Kinachobaki, kama anaishi Nyali na anakuja kazini kwa gari, kinanunua petroli na chakula katika Kaunti ya Mombasa. Sisi tuko kilomita kama 60 tu kutoka Mombasa, na barabara ni nzuri. Kama anaishi Mtwapa, basi yuko ndani ya Kaunti ya Kilifi, ingawa mji wa Kilifi haumwoni jioni. Ndiyo maana swali la kwanza kabla ya hesabu yoyote ni mpaka: tunapima mji, kaunti, au Pwani nzima? Ukiupanua mpaka, pesa nyingi zaidi huonekana zikizunguka ndani, lakini wanafunzi wengi zaidi huwa wenyeji wa eneo na si wageni tena. Kijitabu kisichotaja mpaka wake kiwekeni kando.

Sasa nije kwenye jambo ambalo mimi naliona ndilo muhimu kuliko yote, nalo halipati nafasi kwenye vijitabu: pesa ikishaingia, inakaa muda gani?

Mwanafunzi ameshika shilingi mia, ana njaa. Mbele yake kuna kibanda cha chipsi na kibanda cha mihogo ya nazi. Akinunua chipsi, viazi vimetoka bara, Nyandarua labda, vimepitia Kongowea, vikachukua lori na dalali njiani. Mafuta ya kukaangia yametengenezwa kwa mafuta ya mawese ambayo mengi huagizwa kutoka nje ya nchi. Tomato imetoka kiwandani, karatasi ya kufungia pia. Kinachobaki Kilifi ni ujira wa anayekaanga, faida ya mwenye kibanda, na labda kuni au makaa. Akinunua mihogo ya nazi, muhogo unaweza kuwa umelimwa Tezo, nazi imeanguliwa Chonyi au Rabai na kijana aliyepanda mnazi kwa ujira, ikakunwa na mama wa hapa hapa. Ile mia imewagusa watu wanne wa kaunti hii kabla ya jua kutua.

Sisemi vijana waache chipsi. Mimi mwenyewe nazila. Nasema vibanda viwili vinavyouza sawasawa vina faida tofauti kabisa kwa kaunti, na hesabu inayoangalia mauzo peke yake haiwezi kuona tofauti hiyo.

Mzunguko wenyewe ni hesabu ya darasa la sita. Tuseme katika kila mia inayotumika hapa, 30 hutumika tena hapa hapa na 70 huondoka. Mia ya kwanza inazaa 30, 30 inazaa 9, 9 inazaa karibu 3, na kuendelea mpaka iishe. Jumla yake ni kama 143. Sasa tuseme tumefanikiwa kubakisha 50 badala ya 30. Mia inazaa 50, 50 inazaa 25, 25 inazaa karibu 13, na jumla inafika 200. Hatukuongeza mwanafunzi hata mmoja. Tumebadilisha tu mahali tunaponunua. Kwa kaunti inayoagiza bidhaa nyingi kutoka kwingine, mtu akikwambia mia moja imekuwa mia tatu, mwulize imekaa wapi.

Nizikusanye hesabu hizi kwa mfano mmoja. Ni mfano tu wa kufundishia, msiuchukue kama takwimu ya chuo chetu. Wanafunzi elfu moja, kila mmoja anatumia shilingi 8,000 kwa mwezi, miezi minane kwa mwaka. Jumla ni shilingi milioni 64. Kijitabu kitaishia hapo, au kitazidisha mara mbili. Sisi tuendelee. Tuseme 400 kati yao ni wa humu kaunti na wangekuwa humu hata bila chuo. Tunaondoa sehemu yao, inabaki milioni 38 na laki nne. Katika manunuzi hayo, tuseme 40 kwa kila mia ndiyo mapato halisi ya watu wa hapa, yaani ujira, faida na kodi ya nyumba, na nyingine ni bei ya bidhaa zilizotoka nje. Tumefika kama milioni 15. Watu hao nao wakitumia, na 30 katika kila mia ikibaki tena, tunafika karibu milioni 22. Kutoka 64 hadi 22. Milioni 22 ni pesa nyingi, zinatosha kuheshimiwa bila kuongezwa chumvi. Na ukitaka ziongezeke, sasa unajua kuna milango miwili: kuleta mgeni zaidi, au kubakisha zaidi ya kile anachotumia. Mlango wa pili uko mikononi mwetu.

Kuna njia nyingine ya kupima, nayo haitaki karatasi nyingi. Ni ile ya kiwanda cha korosho: angalia kinachotokea chuo kisipokuwapo.

Mwezi Machi mwaka 2020, serikali iliamuru shule na vyuo vifungwe kwa sababu ya korona, na vyuo vikuu vilitakiwa viwe vimefungwa ifikapo tarehe 20. Ninyi hamhitaji kuelezwa kilichofuata. Vyumba vilifungwa kufuli na vitu vya wanafunzi ndani. Wengine waliendelea kudaiwa kodi, wengine walisamehewa. Fotokopi zilinyamaza. Vyuo havikuanza kurudi, tena kwa awamu, mpaka Oktoba. Inavutia kusema: haya basi, tuchukue mauzo ya Februari, tuondoe mauzo ya Mei, tofauti ndiyo chuo. Lakini tarehe 8 Aprili kaunti yetu pamoja na Mombasa na Kwale zilifungwa, watu wasiingie wala kutoka. Kulikuwa na kafyu. Hoteli za ufukweni zilifunga, wageni hawakuja Malindi wala Watamu. Soko lilikosa mteja wa chuo, mteja wa hoteli na msafiri, wote kwa wakati mmoja. Ukiandika hasara yote ile kwa jina la chuo, umekipa chuo sifa ya watalii.

Hata hivyo mwaka ule unaweza kutufundisha kitu tukiusoma kwa makini. Tofauti haimo kati ya Februari na Mei, imo kati ya mtaa na mtaa. Biashara zilizo mita mia chache kutoka lango la chuo zilianguka kiasi gani kuliko za aina hiyo hiyo zilizo mbali na chuo, ambazo zilikuwa chini ya kafyu ile ile? Pengo kati ya mianguko hiyo miwili linakaribia ukweli. Vivyo hivyo likizo ndefu, na migomo ya wahadhiri inayosimamisha masomo wakati shughuli nyingine za mji zinaendelea kama kawaida. Mwenye kibanda anayeandika mauzo yake kila siku, hata kwenye daftari la mistari, ana kipimo ambacho profesa angekilipia pesa.

Kuna mji mwingine wa nchi hii uliofungiwa chuo chake kwa msiba. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148, wengi wao wanafunzi, waliuawa katika chuo cha Garissa. Chuo kilifungwa, kikafunguliwa tena Januari 2016. Sitaki kuhesabu mauzo juu ya makaburi. Ninakitaja kwa sababu moja tu: chuo kikiwa ndicho kinacholeta vijana kutoka kila pembe ya nchi, kufunguliwa kwake tena kunarudisha kitu kisichomo kwenye daftari la duka, yaani watu wa kabila na dini mbalimbali kukubali kuishi mji mmoja. Hilo nalo lina bei, ingawa sijui risiti yake ingeandikwaje.

Ndugu zangu wenye hosteli, neno hili ni lenu. Mwaka 2015 watahiniwa zaidi ya 160,000 walipata alama ya C+ na zaidi katika mtihani wa KCSE. Mwaka uliofuata, usimamizi wa mtihani ulipokazwa, walikuwa chini ya 90,000, na mwaka 2017 kama 70,000. Serikali ikawa na nafasi za kutosha kwa wote waliofuzu, na wanafunzi wa kujilipia, waliokuwa wakijaza matawi ya vyuo katika miji mingi, wakapungua vibaya. Matawi yakafungwa. Mwenye jengo aliyekuwa amepangisha ghorofa nzima kwa chuo akabaki na ghorofa tupu na mkopo uliojaa. Hakukosea kitu. Uamuzi ulifanywa Nairobi, kwenye chumba cha mtihani. Kwa hiyo unapopanga vyumba 40, usiulize tu wanafunzi ni wangapi leo. Uliza ni wangapi wamepangiwa na serikali, na mikopo yao hulipwa lini.

Jambo la mikopo nalo ni sehemu ya hesabu. Pesa za HELB zikichelewa, mwanafunzi hali njaa mara moja, anakula kwa deni. Mama wa chakula anaandika. Duka la jumla nalo linamwandika mama. Kwa wiki kadhaa, anayegharamia elimu ya juu ya nchi ni mwanamke mwenye sufuria mbili, bila riba na bila shukrani. Kijitabu kitaandika kwamba alipata mapato kutoka kwa chuo. Kiandike pia kwamba alikikopesha.

Na kaunti je, inapata nini kama serikali? Kwa Katiba yetu, chuo kikuu ni kazi ya serikali ya kitaifa. Sisi tuna chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Lakini mwanafunzi akitupa taka, ni sisi tunaozoa. Akitembea usiku, taa ni zetu. Akinywa maji, ni ya kwetu, na foleni ya mitungi inayorefuka muhula ukianza mnaijua. Tunachopata ni ada za vibali vya biashara, ushuru wa soko, ada za kuegesha na kodi ya ardhi ya majengo binafsi yanayozunguka chuo. Ardhi ya umma yenyewe hailipi kodi hiyo kama shamba la mtu. Kuna mchango ambao serikali ya kitaifa inapaswa kulipa badala yake, na kaunti nyingi zimelalamika kwa miaka kuhusu mchango huo. Kwa hiyo mji unaweza kutajirika huku serikali yake ikibaki na gharama. Anayesema chuo kinaleta mamilioni, kwa hiyo kaunti ina mamilioni, amechanganya mifuko miwili.

Nisije nikaonekana ninakipunguza chuo. Nimezungumza juu ya sahani na vyumba kwa sababu ndivyo vinavyohesabika haraka. Faida kubwa ya chuo kikuu inachukua miaka mingi zaidi. Wachumi Anna Valero na John Van Reenen walikusanya takwimu za vyuo vikuu karibu 15,000 katika nchi 78, wakafuata maeneo yao kwa miongo kadhaa. Waliona kwamba eneo likiongeza idadi ya vyuo vikuu kwa asilimia 10, kipato cha kila mtu cha eneo hilo huwa juu baadaye kwa kama asilimia 0.4. Si muujiza, ni nusu ya asilimia, tena haijafika. Lakini inadumu, na haikutokana na wanafunzi kula na kulala tu. Sehemu yake ilitokana na watu wenye ujuzi kuongezeka.

Mmarekani mwingine, Michael Andrews, alifanya jambo la ujanja. Alitafuta miji iliyoshindania chuo zamani, ikabaki miwili mitatu, mmoja ukapata na mingine ikakosa karibu kwa bahati tu. Akailinganisha. Miji iliyopata chuo ilikuja kuwa na uvumbuzi mwingi zaidi uliosajiliwa. Ajabu ni kwamba wahitimu na walimu wa chuo chenyewe walihusika na sehemu ndogo tu ya uvumbuzi huo. Wengi walikuwa watu waliohamia mji ule kwa sababu ulikuwa umechangamka. Kwa Kilifi, mji ambao una kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome tangu mwaka 1989, hilo si geni. Mtafiti huja kwa ajili ya kituo kimoja, mwenzi wake akapata kazi kwingine, watoto wakaingia shule ya hapa.

Kwa hiyo kipimo cha muda mrefu ni kumfuata mhitimu. Muuguzi aliyesomea hapa yuko zahanati ya kaunti hii au ameondoka? Aliyesomea kilimo anamshauri mkulima wa Magarini, au anauza simu Nairobi? Kama mkulima yule wa Magarini niliyemtaja mwanzo ataona faida ya chuo hiki, ataiona kwa njia hiyo: mtu aliyekuja shambani kwake akamwambia kwa nini muhogo wake unaoza. Hatahitaji kuja mjini kuuza sahani.

Sasa kazi iliyoko mbele. Tunapendekeza tuanze kidogo, na tuanze na ninyi. Wanafunzi wachache wa kila mwaka wa masomo waandike matumizi yao kwa wiki mbili za muhula na wiki mbili za likizo. Watuambie wanatoka kaunti gani, na wangekuwa wapi kama wasingepangiwa hapa. Swali hilo la pili ndilo linalobeba uzito, tafadhali msilijibu kwa mzaha. Chuo kitupatie mishahara kwa jumla, kulingana na mahali wafanyakazi wanapoishi, bila majina, na orodha ya wanaokiuzia bidhaa: mchele, nyama, mboga na samani, wangapi kati yao ni wa kaunti hii?

Wafanyabiashara, hatutawauliza mnapata kiasi gani. Najua mkisikia swali hilo mnaona ushuru unakuja. Tutawauliza mmenunua wapi. Nazi ya jana ilitoka wapi? Samaki alivuliwa hapa, au alitoka kwenye jokofu la Mombasa? Mayai yalitoka kwa jirani, au yalikuja na lori? Mama mmoja aliniambia mayai ya hapa hayatoshi na hayana uhakika, ndiyo maana ananunua ya lori. Hiyo tayari ni takwimu, tena ni takwimu inayomwambia afisa wa mifugo la kufanya kesho asubuhi.

Wenye nyumba, tutaanza na ninyi kwa sababu mna risiti. Tunachoomba ni idadi ya vyumba, ni mwezi gani vinakuwa vitupu, na fundi na simiti vilitoka wapi. Karani atapita na fomu ya ukurasa mmoja. Asiyetaka kujibu asijibu, ila asimpe karani jibu la kumfurahisha, maana fomu iliyojazwa kwa adabu inaniharibia hesabu kuliko fomu tupu.